Talanta Iliyofungiwa Sandukuni

Jumapili ya 33 ya Mwaka A
Masomo: Mit 31:10-13, 19-20, 30-31, 1 Thes 5:1-6, Mt 25:14-30



Injili ya leo inatupa habari za watumishi watatu waliokabidhiwa mali ya bwana wao. Tumeisikia mara nyingi, na mara nyingi tumemhukumu yule mtumishi wa tatu kwa haraka. Leo tumtazame vizuri zaidi. Hakuiba. Hakuinywea pombe fedha ya bwana wake, wala hakuipoteza hata senti moja. Alichimba shimo, akaificha, akailinda muda wote ule, na siku ya hesabu akairudisha nzima kama alivyoipokea. Mtu wa namna hii wengi wetu tungemchagua kuwa mtunza hazina wa kigango. Hata hivyo bwana wake alimkemea vikali kuliko tulivyotazamia. Kwa nini?

Tukumbuke kwanza uzito wa mali yenyewe. Talanta moja ilikuwa na thamani ya dinari 6,000 hivi, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Basi hata yule aliyepewa talanta moja tu alikabidhiwa ujira wa miaka karibu 20. Hofu yake inaeleweka. Kitu cha thamani kubwa hutetemesha mikono ya anayekishika. Hofu hiyo ndiyo tunayotaka kuitafakari leo, kwa sababu imo pia katika makanisa yetu, na pengine imefungiwa kwa kufuli ndani ya sakristia.

Upande wa Chanzuru, wilayani Kilosa, kuna kigango kimoja ambacho jina lake hatutalitaja. Waamini wake ni wakulima wa mahindi na mpunga. Kwa misimu mitatu ya mavuno walichangishana, jumuiya kwa jumuiya, ili wanunue kinanda cha umeme pamoja na spika zake. Mwenye gunia alitoa gunia, mwenye debe alitoa debe. Mjane mmoja wa makamo ya bibi zetu alilileta debe lake la mahindi kichwani, akalitua mbele ya altare, akasema kwamba anataka kuisikia sauti yake kabla hajafa. Kinanda kilipofika kutoka mjini kilibarikiwa, kikapigwa, na watu wakashangilia.

Baada ya siku ile halmashauri ya kigango ilikaa, ikaamua kwamba kitu cha bei namna hiyo kisipigwe ovyo. Kikarudishwa katika sanduku lake, sanduku likaingizwa sakristia, na ufunguo ukakaa kwa mwenyekiti. Kingetolewa Noeli, Pasaka, na siku Baba Askofu atakapokuja kutoa Kipaimara.

Tuwatendee haki wazee wale. Sababu zao hazikuwa za kijinga. Walijua vumbi la kiangazi linavyoingia kila mahali, na unyevu wa masika unavyoharibu vitu. Walijua kwamba umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu huunguza vyombo. Walijua kuwa fundi yuko mbali, na kwamba kuisafirisha ala ya namna ile juu ya pikipiki katika njia mbovu ni kuivunja mara ya pili. Zaidi ya hayo, walijua tabia yetu ya kuazimana: leo arusi, kesho mahafali, keshokutwa mkutano wa hadhara, na mwishowe chombo kinarudi bila vitufe viwili na hakuna aliyevivunja. Wao ndio waliochangisha. Kikiharibika, wao ndio watakaoulizwa. Anayewacheka hajawahi kutunza mali ya watu maskini.

Lakini tuwasikilize na wanakwaya. Walikuwa na kijana waliyemtuma kwa gharama yao akajifunze kinanda. Alirudi na ujuzi mwanana, ule ujuzi mchanga ambao usipotumiwa kila juma hutoweka vidoleni. Aliomba afanye mazoezi siku mbili tu kwa juma, akanyimwa. Basi alichukua ubao, akachora juu yake vitufe vya kinanda kwa mkaa, akawa anafanya mazoezi nyumbani kwao juu ya ubao usiotoa sauti. Alifanya hivyo kwa miezi kadhaa. Kisha akaenda mjini kutafuta kazi nyingine.

Na yule mjane alifariki katikati ya mwaka, katika majira ambayo hayakuwa ya Noeli wala ya Pasaka. Alizikwa kwa ngoma na kwa sauti za watu, na hilo si jambo dogo, kwa maana ngoma zetu zina heshima yake mbele za Mungu. Lakini kinanda alichokitolea mahindi yake kilikuwa kimelala sandukuni hatua chache kutoka katika jeneza lake. Hakuna aliyethubutu kuuomba ufunguo.

Noeli ilipofika sanduku lilifunguliwa. Betri zilizosahauliwa ndani zilikuwa zimevuja na kula vyuma. Mende walikuwa wamekwisha kufanya makao. Unyevu na vumbi vilikuwa vimeingia chini ya vitufe, na baadhi yake vilipobonyezwa havikutoa sauti. Kinanda kilikuwa kimeharibika bila kupigwa.

Wapendwa, mali ya dunia hii haina shimo la kuifichia. Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba na kuharibu reli, na maji hayakuuliza ni sanduku lipi lililofungwa vizuri. Kuficha kitu si sawa na kukihifadhi. Mara nyingi ni kuchagua tu kiharibike bila sisi kuona.

Tuliposhirikishwa shauri lile, tuliwaomba pande zote mbili wafungue Kitabu cha Hesabu, sura ya 10. Hapo Mwenyezi Mungu anamwagiza Musa atengeneze tarumbeta mbili za fedha, za kazi ya kufua. Hazikuwa tarumbeta za pembe ya kondoo, ambazo zingepatikana kwa urahisi. Zilikuwa za fedha, katika jangwa, kwa watu waliokuwa wakilala hemani. Je, Mungu alisema nini juu ya ala hizo za thamani? Alitaja saa za kuzipiga: kuwaita watu wakusanyike, kuvunja kambi, kwenda vitani, na siku za furaha, sikukuu na mwandamo wa mwezi, wakati wa sadaka. Tena alitaja watu wa kuzipiga, yaani wana wa Haruni, makuhani. Hazikuachwa kwa kila mpita njia, wala hazikufichwa ndani ya Sanduku la Agano. Aliyezitunza ndiye aliyezipiga, na aliyezipiga ndiye aliyezitunza. Hapo, wapendwa, ndipo penye jibu letu.

Kanisa nalo limefundisha vivyo hivyo. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliipa kinanda cha mabomba heshima kubwa, ukaruhusu na ala nyingine, mradi zifae kwa matumizi matakatifu, zilingane na hadhi ya hekalu, na kuwajenga waamini kweli. Ala isiyosikika kamwe itawajengaje waamini?

Pengine mtu atasema: mbona ulimwenguni zipo ala zinazotunzwa bila kupigwa? Ni kweli, na tusilikwepe swali hilo. Katika mji wa Oxford, Uingereza, ndani ya Makumbusho ya Ashmolean, imo fidla iliyotengenezwa na Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, mwaka 1716. Imekaa karibu kama ilivyotoka mikononi mwa fundi wake, kwa sababu haipigwi. Inaitwa Masiha. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na mzaha: mwenye nayo wa zamani aliisifu kila mahali bila kuionyesha, hata mwanamuziki mmoja akamwambia kwamba fidla yake ni kama Masiha anayengojewa siku zote asije.

Katika mji huohuo wa Cremona, mwaka 1743, fundi mwingine aitwaye Giuseppe Guarneri alitengeneza fidla nyingine. Fundi huyu alizoea kuweka katika lebo za kazi zake herufi za Jina Takatifu la Yesu pamoja na msalaba, na kwa ajili hiyo watu wakamwita Guarneri wa Yesu. Fidla yake ilipigwa na Paganini, bingwa aliyefariki mwaka 1840, naye aliiachia mji wake wa Genova. Mji unailinda sana. Lakini hupigwa, na washindi wa mashindano yenye jina la Paganini wamepewa heshima ya kuishika na kuipiga. Imevuka karne mbili na nusu na bado inasema.

Nasi katika Pwani yetu tunayo siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, iliyokuwa ikipulizwa katika arusi na sherehe kubwa za watukufu. Leo imo katika makumbusho ya Lamu. Ni ya kale mno, na hakuna atakayetuchongea nyingine ikivunjika. Hakuna ubaya ikipumzika. Fidla ya Oxford nayo inawafundisha mafundi wa leo jinsi mabingwa wa kale walivyofanya kazi, na hiyo ni huduma yake.

Lakini kinanda cha kigango si siwa ya Pate. Kilitoka kiwandani pamoja na wenzake wengi walio sawa nacho. Thamani yake haiongezeki kwa kukaa. Miaka ikipita, kinazeeka sandukuni kama kinavyozeeka kwaya ikiimba. Wala hakikununuliwa kitazamwe na wajukuu. Kilinunuliwa ili watu wa Mungu wasali vizuri zaidi Jumapili hii. Aliyetoa debe la mahindi hakulitolea sanduku. Alilitolea sifa ya Mungu. Kukificha, hata kwa nia njema, ni kuizuia sadaka yake isifike ilikokuwa ikienda.

Basi kinanda kipigwe, lakini kisipigwe ovyo. Katika kigango kile halmashauri na kwaya waliafikiana mambo manne, nasi tunawapendekezea makatekista wote wanaotusikiliza. La kwanza, ufunguo ukae kwa mwalimu wa kwaya na mwingine kwa mwenyekiti, ili asiwepo mtu mmoja awezaye kuunyamazisha muziki wa wote. La pili, kipigwe kila Jumapili na katika mazishi ya kila mwamini, tajiri kwa maskini. Na mazoezi yawe siku mbili kwa juma, vijana wawili wakifundishwa pamoja, ili mmoja akiondoka ujuzi usiondoke naye. La tatu, kisiazimwe nje ya ibada, hata kwa ndugu wa mwenyekiti, hata kwa rafiki wa padre. La nne, kila mwezi itengwe sadaka ndogo kwa ajili ya fundi. Kifunikwe kwa kitambaa safi, betri zitolewe, na waya uchomolewe baada ya ibada.

Mtaona kwamba masharti haya yanadai kazi zaidi kuliko kufuli. Ndiyo maana tunapenda kufuli. Kufuli hufungwa mara moja, kisha mtu akalala usingizi. Matumizi mema yanadai kukesha, kama Mtume Paulo anavyotuasa leo katika somo la pili. Na yule mwanamke hodari wa Kitabu cha Mithali hasifiwi kwa sababu ya vitu alivyofungia kabatini, anasifiwa kwa sababu ya mikono inayoshika pia na kunyooshwa kwa maskini.

Sasa tunaelewa kwa nini bwana alikasirika. Mtumishi yule alimwogopa bwana wake kuliko alivyomwamini. Alidhani kwamba atakayerudi ni mkaguzi anayetafuta mikwaruzo. Naye Bwana wetu atakaporudi, hatatuuliza kwanza kama vitufe vyetu vingali vinang'aa. Atatuuliza ni nani aliyesali vizuri, aliyefarijiwa, aliyefundishwa kwa vile alivyotukabidhi.

Kila mmoja ajichunguze. Yupo aliyepewa sauti, naye anakaa kimya nyuma ya kanisa akiogopa kukosea. Yupo mzee ajuaye nyimbo na hadithi za kale za imani, asiyezifundisha kwa sababu vijana watazichezea. Yupo msichana mwenye akili ambaye wazazi wake wanamficha nyumbani wakisema wanamlinda. Hizo zote ni talanta zilizofukiwa, nazo zinaharibika huko ziliko.

Tarehe 22 Novemba Kanisa litamkumbuka Mtakatifu Sesilia, shahidi wa Roma na msimamizi wa wanamuziki. Kwaya nyingi zitafanya sherehe. Tunawaomba siku hiyo mfungue masanduku, mpanguse vumbi, na mumkalishe kijana mmoja mbele ya kinanda, hata kama atakosea. Ni afadhali sauti yenye makosa inayomsifu Mungu kuliko ukimya usio na doa.

Bwana aliyetuamini kwa mali yake atujalie tusiogope kuitumia, atufundishe kuitunza kwa upendo, na siku ya kurudi kwake atukute na mikono iliyochoka kwa kazi yake. Anayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!