SOMO LA REDIO: DAMU PUNGUFU

Ndugu wanafunzi wa Nzega, na wote mnaotusikiliza, sogeeni karibu na redio. Mwalimu, andika ubaoni neno hili kwa herufi kubwa: DAMU. Lisomeni pamoja. Vema.

Katika darasa letu moja hapa wilayani palikuwa na mama hodari wa kusoma. Halafu akaanza kusinzia. Akienda mwendo mfupi tu, alihema na moyo ulimwenda mbio. Wenzake walimcheka, nami, nasema kwa haya, niliandika katika daftari langu kwamba amekuwa mvivu. Bibi mmoja ndiye aliyemwona akitafuna udongo kwa siri. Akamwambia, "Mwanangu, twende hospitali." Mama yule alikuwa na mimba ya miezi 6.

Mganga alivuta kope ya chini ya jicho akatazama ndani. Mahali pale hupaswa kuwa pekundu; pake palikuwa peupe. Akatazama viganja na ulimi pia. Lakini macho peke yake hudanganya, hasa damu ikiwa imepungua kidogo tu. Kwa hiyo alichomwa ncha ya kidole, likatwaliwa tone la damu, likapimwa kwa chombo kinachotoa hesabu.

Hesabu hiyo ni ya himoglobini, kitu chekundu kilichomo katika chembe za damu. Chembe hizo ni wapagazi: huchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Wazee wa Kinyamwezi waliochukua mizigo mpaka Bagamoyo walijua jambo hili: wapagazi wakiwa wachache, mzigo haufiki. Mwenye mimba yampasa kuwa na gramu 11 au zaidi katika kila desilita ya damu, yaani sehemu ya kumi ya lita. Mama yule alikuwa na 6. Kama angalifikia siku ya kujifungua hivyo, hata kutokwa damu kidogo kungaliweza kumwua.

Je, wapagazi wamekwenda wapi? Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wakiambiwa damu ni pungufu, hukimbilia juisi ya rozela, basi. Pengine wapagazi hawakuzaliwa, maana chakula kimekosa madini ya chuma. Pengine huuawa njiani: malaria huvunja chembe za damu, na mtoto aliyerithi selimundu kwa baba na mama, chembe zake hufa mapema, hazifiki zile siku 120 za kawaida. Pengine damu inavuja, kama kwa mwanamke mwenye hedhi nyingi.

Basi mganga alitaka damu itazamwe kwa darubini, na choo pia. Malaria haikuonekana. Katika choo mlikuwa na mayai ya minyoo ya safura. Minyoo hii hujishikiza utumboni ikanyonya damu, nayo huingia kwa ngozi ya nyayo, kutoka udongo uliochafuliwa kwa kinyesi. Mama yule alilima majaruba ya mpunga miguu mitupu. Na ule udongo? Hamu ya kuula mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, nao huzidi kukizuia chuma kuingia mwilini. Si jambo la kuchekwa.

Alilazwa, akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma. Alijifungua salama. Aliambiwa ale kunde, dagaa na maini akiyapata, na embe baada ya chakula, maana husaidia chuma kuingia. Chai ingoje, kwa sababu hukizuia.

Wala hakuwa peke yake. Utafiti wa nchi nzima wa mwaka 2015 hadi 2016 uliona damu pungufu kwa wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49.

Sasa zoezi. Kina mama wenye kadi za kliniki, zitoeni. Tafuteni mstari wa wingi wa damu, msome tarakimu iliyoandikwa. Kama pako wazi, mwulizeni mwuguzi mtakaporudi. Mwalimu, zima redio, mwanze.