Kinyesi cha Chura: Kipimo cha Afya Ambacho Wafugaji Hukitupa



Mada niliyopewa ni ulishaji wa vyura wanaofugwa. Naomba nianzie mwisho wa utumbo, maana huko ndiko wafugaji wengi hawatazami. Chura huficha ugonjwa. Akishaanza kukataa chakula na kukonda, mara nyingi hali imekwisha kuwa mbaya na daktari wa mifugo amebakiwa na nafasi ndogo. Kinyesi chake huweza kutoa dalili mapema zaidi, lakini tunakizoa na kukitupa bila kukiangalia.

Chura ana tundu moja la nyuma, kloaka, linalopitisha kinyesi, mkojo na mayai. Maji hanywi kwa mdomo. Huyafyonza kwa ngozi ya tumbo na mapaja, na mengine huyaweka akiba kwenye kibofu. Maji anayoyamwaga ghafla mkononi mwako si ugonjwa. Ni akiba hiyo anaitoa kwa woga, kwa hiyo kumshikashika kila siku ni kumkausha. La kuzingatia zaidi ni kwamba maji anayokalia ndiyo anayokunywa. Vyura wengi hujisaidia humo humo, na uchafu ukiachwa unamrudia mwilini kupitia ngozi.

Kinyesi cha chura mzima ni cha kahawia iliyokolea au cheusi, kimeshikana, na ukikichambua utaona vipande vya magamba ya nyenje au mende, kwa kuwa magamba hayo hayasagiki kirahisi. Kwa chura mkubwa kinaweza kuwa kinene kiasi cha kumshtua mfugaji mpya. Chura mdogo anayekula kila siku huenda akajisaidia kila siku au baada ya siku mbili. Mkubwa anayelishwa mara moja au mbili kwa wiki anaweza kumaliza wiki nzima. Ndiyo maana nasisitiza daftari: tarehe ya kula, alichokula, tarehe ya choo na hali yake. Mwenendo wa chura wako mwenyewe ndio kipimo, si wa chura wa jirani.

Tatizo ninaloliogopa kuliko yote ni kufunga choo kwa sababu ya kumeza kisicholiwa. Chura hurusha ulimi wenye ulimbo, na chochote kilichoganda juu yake huingia pamoja na mdudu: changarawe, vipande vya mbao, usumba. Chura wa kucha wa kusini mwa Afrika hana ulimi kabisa, lakini husukumia chakula kinywani kwa mikono na changarawe ikiwamo. Tumbo hujaa, choo hakitoki, hamu ya kula inakwisha. Mweke kwenye maji safi ya kina kifupi, yenye joto la kawaida la chumba. Wakati mwingine hilo latosha. Lisipotosha, ni kazi ya daktari. Usimbinye tumbo kamwe. Nyama nyekundu ikitokeza nyuma, ilowanishe kwa maji safi na umpeleke siku hiyo hiyo. Kinga yake ni rahisi na haina gharama: tandika karatasi laini iliyoloana, au weka mawe makubwa kuliko kichwa chake.

Baridi nayo huharibu. Chura hupata joto lake kutoka nje, hivyo usiku wa baridi wa Njombe au Lushoto mmeng'enyo hupungua sana, na mlo mkubwa unaweza kuozea tumboni. Punguza chakula msimu huo. Vyura wengine wakimeza kitu kibaya hulitoa tumbo lenyewe nje kupitia mdomoni, hulifuta kwa mkono, kisha hulimeza tena. Mfugaji akiliona hilo achunguze alichomlisha.

Usafi nao haufanani kwa vyura wote. Vyura wanaoishi majini, kama yule wa kucha, hutoa amonia kwa wingi, nayo ni sumu ikirundikana kwenye tangi. Wa nchi kavu hutoa zaidi yurea. Chura wa povu wa mashariki na kusini mwa Afrika, anayekaa juu ya tawi kiangazi chote, hutoa asidi ya yuriki ili asipoteze maji. Kwa wa majini, badilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini itoke. Pale yanapotibiwa kwa kloramini, kuyaacha hakusaidii, inahitajika dawa ya kuiondoa.

Kinyesi kikilegea, kikiwa na kamasi au damu, kipeleke kingali kibichi kwenye hadubini. Minyoo michache si lazima iwe ugonjwa. Lakini fikiria minyoo ya mapafu: mayai yake hukoholewa, humezwa, hutoka na kinyesi, kisha viluwiluwi vya minyoo hukua kwenye udongo na kupenya ngozi ya chura. Porini chura huondoka mahali pale. Ndani ya tangi anaishi juu ya udongo huo huo, na mzigo wa minyoo unaongezeka kila mzunguko.

Ugumu wa kufuga vyura tunaujua kutoka kwetu. Mwaka 2000 vyura 499 wa bonde la Kihansi, hapa Tanzania, walipelekwa Marekani, na mwisho wa 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70. Bustani za wanyama za Bronx na Toledo ndizo zilizofanikiwa kuwazalisha, hata wakarudishwa Dar es Salaam mwaka 2010 na bondeni kwao kuanzia 2012.

Kwa binadamu hatari ni salmonela. Marekani, kati ya 2008 na 2011, watu 376 katika majimbo 44 waliugua kwa mlipuko uliohusishwa na vyura wadogo wa majini, jamii yenye asili ya Kongo na nchi jirani. Wengi walikuwa watoto. Mikono ioshwe kwa sabuni, na tangi lisioshewe kwenye sinki la jikoni.

Maji machafu yasimwagwe mtoni wala bwawani. Mwaka 2003 vyura waliobaki bonde la Kihansi walipukutika, na kuvu wa kitridi, anayesafiri kwa maji, alikutwa kwenye waliokufa. Changanya maji ya tangi na dawa ya klorini ya kufulia, yaache yakae, ndipo uyamwage chooni.