Mwimbaji Naye Aulizwe: Maneno kwa Watangazaji wa Redio za Jamii



Tumeombwa tuseme juu ya vipindi ambamo mwanamuziki anaingia studio, anaimba moja kwa moja hewani, kisha anahojiwa. Wengi wanaona kipindi cha namna hiyo ni cha kupumzisha watu baada ya habari. Sisi tunakihesabu kati ya kazi za amani.

Kwanza habari ya vyombo, kwa sababu redio nyingi zinatuambia hazina. Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akamrekodi kijana Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa lake peke yake. Wimbo wake Masanga ukasikika mbali sana na Katanga. Hakukuwa na orkesta. Basi mkiwa na mikro mbili, moja ya sauti na moja ya gitaa au likembe, na jenereta iliyowekwa mbali na dirisha, kipindi mnacho.

Tukisema mwanamuziki huru, tunamaanisha yule asiye na produsa, asiye na kampuni ya bia, asiye na mheshimiwa anayemlipia. Mnajua desturi ya Kinshasa ya kutupa libanga: jina la mtu linatajwa ndani ya wimbo naye analipa. Hatuwahukumu wanaofanya hivyo; msanii ana watoto wa kulisha. Lakini jina likishalipiwa, wimbo hauwezi tena kumwuliza mwenye jina swali lolote. Na sisi watu wa redio tusijifanye watakatifu: pale wimbo unapopigwa kwa matabishi, kijana asiye na kitu hasikiki hata akiimba vizuri namna gani. Kipindi cha moja kwa moja, kisicholipiwa na mtu, ndicho mlango wake.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuleta. Jirani zetu wa Rwanda walionja ubaya wa redio. Mwaka 1994, katikati ya mauaji ya kimbari, RTLM ilikuwa ikipiga nyimbo za Simon Bikindi. Mwaka 2008 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimfunga miaka 15, na kosa lililomfunga ni maneno aliyoyasema barabarani kwa kipaza sauti. Hakufungwa kwa kutunga nyimbo. Wanasheria wana njia yao ya kupima. Sisi tunaona hivi: wimbo uliorekodiwa unaweza kupigwa mara mia, na hakuna anayemwuliza mtunzi alimaanisha nini. Studioni mtunzi amekaa mbele yako. Unaweza kumwuliza, na watu wote wanasikia anavyojibu.

Swali kubwa kuliko yote ni la lugha. Katika Kivu ya Kusini mtu anaweza kuimba kwa Kifuliru, kwa Kibembe, kwa Kinyamulenge, kwa Mashi. Asiyejua lugha hiyo akisikia jina la kijiji chake katikati ya maneno asiyoyaelewa, mara nyingi anadhani anatukanwa. Katika kipindi kimoja tulichosaidia kutayarisha, simu za hasira zilianza kabla wimbo haujaisha, kwa kuwa watu walisikia jina la kilima chenye ugomvi. Mtangazaji hakubishana nao. Alimwomba kijana aseme ubeti ule kwa Kiswahili, polepole, bila gitaa. Ikaonekana ni habari ya mama yake, aliyekuwa akipita kilimani kwenda soko na sasa hathubutu. Simu iliyofuata ilitoka upande wa pili wa kilima. Mama mmoja alisema, na mimi sithubutu.

Kwa hiyo tunawaomba: kila wimbo usiokuwa wa Kiswahili, mwenyewe aueleze hewani. Asielezewe na mtangazaji, maana mtangazaji naye ana kabila na wasikilizaji wanalijua. Tena mkae naye siku moja mbele, mpitie maneno yote na mtu mwingine anayejua lugha ile. Mkikuta neno la kuchochea, mwambieni hapo hapo, kabla ya mikro kufunguliwa. Msimwulize kabila lake hewani. Mwulizeni wimbo ulimjia wapi, na kama angeweza kuuimba mbele ya wale anaowataja.

Kuna jambo la usalama, na hili tunalisema kwa uzito. Hewani neno halirudi. Goma ilipotekwa na M23 Januari 2025, kisha Bukavu Februari, kila mwenye mikro alielewa upesi kwamba jibu moja linaweza kumfuata mtu mpaka mlangoni kwake. Kabla ya kipindi, patana na mgeni wako maswali asiyotaka kujibu: mtaa anaolala, majina ya makamanda, ndugu zake walioko msituni. Kuna watakaosema huko ni kujifunga mdomo. Ni kweli kiasi. Lakini anayerudi nyumbani kwa miguu jioni, na gitaa begani, ni yeye.

Na msisahau kumpa nakala ya kipindi. Kwa wengi wao ndiyo rekodi pekee watakayokuwa nayo mwaka mzima. Msiirudie hewani bila kumwuliza, hasa hali ya mahali ikiwa imebadilika. Wimbo uliopoza watu mwezi Machi unaweza kuwasha watu mwezi Juni.

Chai iko tayari barazani. Baada ya hapo tutagawanyika makundi manne, kila kundi na mwanamuziki wake, na kila moja litatayarisha dakika 30. Wenye magitaa wakaze nyuzi mapema, maana umeme wa hapa hukatika saa kumi, na tungependa makundi yote manne yasikike.