Pomboo Hafukuzwi: Mazungumzo Kuhusu Safari za Boti Kisite



Bahari ikiwa shwari, boti hutoka gati la Shimoni asubuhi, zikapita kisiwa cha Wasini na kuelekea Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Abiria huenda kwa mambo mawili makubwa: kuogelea juu ya matumbawe na kumwona pomboo. Matumbawe hayahami kwa siku moja. Pomboo ana hiari yake. Akichoka kusumbuliwa, huondoka.

Riziki ya nyumba nyingi imefungwa kwenye hiari hiyo. Yumo nahodha, yumo baharia wake, yumo mama wa Wasini anayepika wali wa nazi na kaa, yumo kijana anayekodisha miwani ya kuogelea. Wote hao wanamtegemea mnyama asiyefugwa wala kulishwa na mtu.

Ni vyema pomboo ajulikane alivyo. Yeye si samaki. Hupumua hewa kwa tundu lililo juu ya kichwa, na humnyonyesha mtoto wake. Jike hubeba mimba kwa karibu mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Samaki wengi hutaga mayai kwa maelfu. Pomboo hana njia hiyo. Kundi likipoteza watoto wawili watatu, pengo hilo halizibwi msimu unaofuata.

Sasa tazameni kinachotokea boti nne au tano zinapolizunguka kundi moja. Pomboo hutumia sauti kutafuta chakula na kuitana, nayo mashine za boti huijaza bahari kelele. Kundi lililokuwa likipumzika huanza kukimbia. Mama akikimbia, mtoto hukosa kunyonya na kupumzika. Hakuna damu majini, hakuna mzoga ufuoni, kwa hivyo kila mtu hurudi Shimoni akiamini kwamba hakuna kilichoharibika. Madhara ya aina hii huonekana baadaye, pale safari zinapoisha bila pomboo hata mmoja.

Mara nyingi kosa hilo halitokani na ubaya wa moyo. Abiria amelipa pesa zake, ameshika simu anataka picha, anamwambia nahodha asonge karibu zaidi. Nahodha naye anafikiria bakshishi. Dawa yake ni nahodha kueleza masharti gatini, kabla kamba haijafunguliwa, ili abiria ajue mapema kwamba pomboo atatazamwa, hatafukuzwa.

Masharti yenyewe si magumu. Boti hupunguza mwendo kundi linapoonekana, hukaribia kwa ubavuni, na haipiti katikati ya kundi wala haikati mbele yake. Kanuni za nchi nyingi huweka umbali wa mita 50 kwa pomboo na mita 100 kwa nyangumi. Boti zilizotangulia zikiwa tayari ziko na kundi, nyingine husubiri zamu. Pomboo hatupiwi chakula, wala hakuna kumrukia majini. Akija mwenyewe kucheza kando ya boti, nahodha hushika mwendo ule ule wa polepole bila kugeuza ghafla. Kundi likizama kwa muda mrefu, likibadilisha njia mara kwa mara, au mama akijiweka kati ya boti na mtoto wake, hiyo ni ishara ya kuondoka. Mwenda pole hajikwai, na baharini huona mengi.

Msimu wa kusi huleta mgeni mwingine. Kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wa nundu hupita pwani hii wakitoka bahari baridi za kusini karibu na Antaktika. Huja kwenye maji ya joto kuzaa na kujamiiana. Mkubwa hufikia urefu wa mita 14 au zaidi, na uzito wa tani 30 hivi. Majike wanaonyonyesha hula kidogo sana huku, wakitegemea mafuta waliyoweka mwilini, kwa hivyo kila mbio za bure humpunguzia mama akiba ya kumlea mtoto. Nyangumi hawa waliwindwa karibu kumalizwa katika karne iliyopita. Uwindaji wa kibiashara ulisimamishwa kimataifa mwaka 1986, na idadi yao imepanda tena.

Lakini kusi hiyo hiyo huichafua bahari. Abiria avae jaketi la kujiokoa tangu gatini. Lililofungiwa chini ya kiti halimsaidii mtu aliyekwisha kuanguka majini. Boti iwe na leseni ya mamlaka ya bahari ya KMA na isipakie kupita kiasi. Nahodha akisema leo bahari imechafuka, asibishiwe. Nyangumi atapita siku nyingine.

Safari hizi pia si za watalii wa ng'ambo pekee. Raia wa Kenya hulipa ada nafuu kuingia hifadhi zinazosimamiwa na shirika la KWS. Abebe kitambulisho chake, na malipo hufanywa kwa njia ya kielektroniki. Mtoto wa Msambweni au Lunga Lunga aliyemwona pomboo akipumua mbele ya macho yake ataelewa kwa nini wavu uliokatika hautupwi baharini, na kwa nini mfuko wa plastiki haufai kuachwa ufuoni.

Wazee waliwakuta pomboo katika mkondo wa Wasini, wakawaacha humo. Kazi iliyobaki kwa wenye boti na abiria wa leo ni hiyo hiyo: kuwaona na kuwaacha.