Kutoka kwenye meli mpaka shambani: neno la komite siku ya Amani

(Neno hili lilisomwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Baraka, tarehe 21 Septemba 2024. Tunalichapa kwa ajili ya wanamemba walioshindwa kufika na kwa wafadhili wetu.)

 

Leo ni siku ya amani ya dunia. ONU iliianzisha mwaka 1981, na tangu 2002 inafanyika kila tarehe 21 Septemba. Miaka iliyopita tulikuwa tunapewa fulana nyeupe, tunatembea na ngoma mpaka uwanjani, tunapigwa picha, tunarudi nyumbani. Mwaka huu fulana hazikuja, juu wale waliokuwa wanazileta walifunga ofisi. Basi komite ikasema: mara hii tukae chini, tuzungumze.

Tunajua kwamba ukitaja mashirika ya amani, kuko watu wanacheka. Hatuwalaumu. Wazee wetu wanakumbuka ONU ya kwanza, ile ya 1960. Askari wake walikuwa ndani ya inchi, na bado Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Lakini mwaka uleule mkubwa wa ONU mwenyewe, Dag Hammarskjöld, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akiwa njiani kukutana na Tshombe ili vita ya Katanga isimame. Mwaka mmoja tu: kazi ileile ilishindwa kumwokoa mtu wetu, na ikachukua roho ya mkubwa wake. Sisi tunayasema yote mawili. Mwenye kusema moja tu anatudanganya.

Halafu ikaja MONUC, mwaka 1999, ambayo mwaka 2010 ilibadilishwa jina ikawa MONUSCO. Mwisho wa mwezi wa sita mwaka huu imemaliza kazi yake hapa Kivu Kusini. Siku gari nyeupe zilipoondoka, wengine walishangilia, wengine walifunga milango mapema. Kuihukumu si kazi ya mkutano huu. Tunasema tu kwamba wameondoka, na sisi tuko.

Lakini sasa tuulizane sisi tuliorudi: nani alituvusha?

Tulikimbia mwaka 1996, wengine 1998. Ziwa tulilivuka usiku, kwa mitumbwi, na kuko watu hawakufika. Tukaishi Nyarugusu, tukaishi Lugufu. Na ilipoanza safari ya kurudi, mwaka 2005, tulipanda meli Kigoma mchana, tukiwa na majina yetu kwenye liste, na watoto waliozaliwa kule ambao walikuwa hawajaona Baraka hata siku moja. Meli ile ilikodiwa na HCR. Mama mmoja wa chama chetu anapenda kusema kwamba amevuka ziwa hili mara mbili: mara ya kwanza hakuna aliyemhesabu, mara ya pili alihesabiwa mara nne mpaka akachoka. Sisi tulicheka. Lakini kuhesabiwa kule ndiyo kazi ya amani tunayotaka kuizungumza leo.

Kuko mtu mmoja ambaye wengi kati yetu hawajasikia jina lake. Aliitwa Fridtjof Nansen, mtu wa Norvege, aliyezaliwa 1861. Hakuwa mwanasiasa wa kuzaliwa. Alikuwa mtu wa sayansi, na alijulikana kwa sababu ya safari zake za kule juu kabisa kwenye barafu, kwa meli iliyoitwa Fram. Vita kuu ya kwanza ilipokwisha, askari mateka walibaki kwa mamia ya maelfu katika inchi ambazo hazikuwa zao, wengine mbali kabisa Siberia. Vita imekwisha, amani imesainiwa, na wao bado wako kambini, wanakufa kwa baridi na magonjwa. Hakuna serikali iliyokuwa na haraka nao. Mwaka 1920 Shirika la Mataifa, lile lililotangulia ONU, likamwomba Nansen awarudishe. Likampa kazi, lakini feza ya kutosha halikumpa. Ilibidi azunguke kwa serikali kutafuta mikopo, apate meli, apate chakula, apate makubaliano na Warusi ambao serikali nyingi zilikataa hata kusema nao. Mwaka 1922 kazi ikaisha: zaidi ya watu 400,000 walikuwa wamerudi kwao, wengi kwa meli, kupitia bahari ya Baltiki.

Tuliposoma habari hii kwenye komite, mzee wetu mmoja akasema: «Kumbe sisi si wa kwanza kushuka kwenye meli na sufuria kichwani.» Ndivyo ilivyo.

Ila kitu ambacho sisi tunampendea Nansen zaidi si meli. Ni karatasi. Wakati uleule Warusi zaidi ya milioni moja walikuwa wamekimbia inchi yao, na serikali mpya ikawanyang'anya uraia. Mtu bila dokima hapiti mpaka, hapati kazi ya halali, hawezi kuandikisha ndoa. Nani hapa hajui maisha ya namna ile? Nansen akatengeneza karatasi, mwaka 1922, ikaitwa pasipoti ya Nansen. Haikumpa mtu inchi. Ilisema tu kwamba huyu ni fulani, amezaliwa mahali fulani, na mnaweza kumwacha apite. Serikali zilizoikubali mwanzoni zilikuwa chache, baadaye zikazidi hamsini. Na sikieni hii, mweka hazina wetu atafurahi: tangu 1926 wale wenye uwezo walibandika stempu ya franka tano za zahabu kwenye karatasi yao, na feza ile ikawa ya kusaidia wakimbizi wenzao. Kotizasio, kwa neno lingine. Hatukuianzisha sisi.

Alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1922, na feza yake akaiweka kwenye kazi za misaada. HCR ya leo ilianza kazi Januari 1951 kufuata njia ileile. Ilipewa miaka mitatu tu, ikidhaniwa kwamba baada ya pale wakimbizi watakuwa wamekwisha duniani. Miaka mitatu! Tangu pale imepata Nobel mara mbili, 1954 na 1981, na wakimbizi hawajakwisha. Hata hapa kwetu, sisi ambao jana tulikuwa wageni wa Tanzania, tangu 2015 tuna ndugu Warundi kambini Lusenda.

Tusisahau pia barua. Kule kambini, Msalaba Mwekundu walikuwa wanapokea barua ya familia, karatasi ya wazi, isiyofungwa, habari za nyumbani tu, hakuna siasa. Unaandika: niko mzima, mtoto amezaliwa, baba yuko wapi? Na unangoja. Wengine walipata jibu baada ya miezi, wengine hawakupata mpaka leo. Kazi ile ni ya zamani. Wakati wa vita kuu ya kwanza, pale Geneva, walijaza karte milioni saba, kwa mkono, ili mama ajue kama mtoto wake yuko hai. Na mtu ambaye mawazo yake yalizaa Msalaba Mwekundu, Henry Dunant, alikuwa mfanyabiashara aliyepita Solferino mwaka 1859 kwa shughuli zake, akakuta maelfu ya majeruhi wamelala bila msaada. Aliacha shughuli zake, akabaki kuwahudumia pamoja na akina mama wa kijiji cha karibu. Baadaye alifilisika, akaishi miaka mingi katika umasikini, watu wakamsahau, mpaka mwaka 1901 walipompa Nobel ya kwanza kabisa yeye na Frédéric Passy.

Basi hao ndio tunaowashukuru leo. Meli ilifika, liste iliandikwa vizuri, barua ilipelekwa. Kazi inayoweza kuulizwa: imefanyika au haijafanyika?

Sasa tufike mahali panapouma.

Meli ilitufikisha bandarini. Haikutufikisha shambani. Ukirudi baada ya miaka kumi, shamba lako lina mtu. Na mtu yule si mwizi. Alibaki. Alilala porini wakati wa mapigano, alizika watoto, na pori lilipoanza kula shamba lako yeye ndiye aliyelilima. Sheria ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, lakini kijijini mpaka unajulikana kwa mti, kwa kijito, na kwa kumbukumbu ya wazee, na wazee wengi walikufa.

Shirika moja lilikuja kutusaidia kwa jambo hilo. Jina hatulitaji. Lilifundisha wapatanishi, lilijenga paillote, likasimamisha kibao chenye rangi nzuri. Kesi zikaandikwa kwenye daftari. Halafu mradi ukaisha kabla kesi hazijaisha, ofisi ikafungwa, na daftari likaondoka na gari. Kibao bado kimesimama, mbuzi wanajisugua pale. Watu waliokuwa wameanza kuzungumza wakabaki katikati, na katikati ni pabaya kuliko mwanzo, juu kila mmoja amekwisha kusema maneno yake mbele ya watu.

Ndipo chama kikaunda komite yake ya upatanisho, watu watano. Na hapa, ndugu, tunaomba mtusikie vizuri, na wafadhili pia, kwa sababu katika raporti tuliyowapelekea mwaka jana tuliandika kwamba komite inafanya kazi vizuri. Hatukuandika yote.

Wote watano walikuwa sisi, watu waliorudi. Hakuna hata mmoja aliyebaki wakati wa vita. Ikaja kesi ya mama mjane, memba wetu, aliyekuta shamba la marehemu mume wake lina michikichi ya jirani. Tulikaa siku moja tu. Tukasema shamba ni la mama, jirani aondoke. Jirani akasema mama yake mzazi amezikwa pale. Tulimjibu kwamba kaburi si hati. Neno lile lilitoka kinywani mwetu, katika komite ya amani. Usiku wa siku ya tatu michikichi kumi na minne ikakatwa. Hatujui ni nani. Tunajua kwamba asubuhi yake sisi hatukwenda kwake, na kwamba vijana wa upande wake walianza kupita mbele ya nyumba ya mama mjane na mapanga, hawasemi kitu.

Tulichukua wiki mbili kupata nguvu ya kwenda. Tulikwenda bila liste na bila kibao, tukapewa ugali na ndagala, tukaomba msamaha. Kisha tulitembea mpaka wa shamba pamoja, mama, jirani, chefu, na mzee mmoja aliyebaki, ambaye ndiye pekee aliyekumbuka mwembe wa zamani ulikuwa wapi. Ilichukua siku nne. Wakakubaliana: kaburi linabaki na njia yake, jirani anavuna michikichi iliyopona kwa misimu mitatu na kugawana mafuta na mama, baadaye shamba linarudi kwa mama. Kila mmoja ametia kidole. Karatasi iko kwenye sanduku la chama, na kopi kwa chefu. Msimu wa kwanza umepita. Mafuta yaligawanywa, na ugomvi ulikuwa mmoja tu, juu ya madumu.

Daktari Mukwege wetu, aliyepewa Nobel mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, hajaacha kudai kwamba bila haki amani haitadumu. Anadai ile raporti ya ONU ya 2010, yenye matukio 617 ya mauaji na maovu ya 1993 mpaka 2003, isiachwe kabatini. Tunapiga makofi kila anapoidai. Lakini sisi wenyewe tulikuwa na raporti yetu ndogo kabatini, na ilikuwa na michikichi kumi na minne ndani yake. Ndiyo sababu tumeisoma leo.

Komite inaleta mambo mawili mbele yenu. La kwanza: komite ya upatanisho iwe ya watu wanane, na wanne kati yao wachaguliwe na wale waliobaki, si na sisi. Hawatalipa kotizasio. Tunajua kuko wanamemba hawafurahi. Wengine walikwisha kutuambia kwamba chama ni cha waliorudi, na kwamba waliobaki watatumaliza. Simameni mseme, wakati upo.

La pili ni feza. Daftari, kalamu, wino wa kidole, na chakula cha siku za kutembea mipaka, vyote tutavilipa kwa kotizasio yetu ya kila mwezi, ili kesi isitegemee mradi wa mtu. Kwa wafadhili tunaomba kitu kimoja tu: baiskeli mbili, kwa sababu vijiji vya mlimani viko mbali na wapatanishi wetu si vijana. Mkishindwa, mtuambie mapema, tutatembea. Msituletee kibao.

Kesi zilizobaki kwenye sanduku ni kumi na moja. Ya kwanza itaanza Jumanne, saa mbili ya asubuhi, kwenye daraja. Sasa sekretere atapitisha karatasi za kura. Wasiojua kuandika waweke kidole, na mtoto asimwandikie mzazi wake.