Ua la Sebuleni: Litunze, Umlinde na Mtoto

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wananchi)



Leo sikuja kuzungumzia barabara wala basari. Nimekuja na chungu hiki cha maua. Mmea huu mnaufahamu: majani mapana ya kijani yenye mabaka ya rangi ya krimu. Unauzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara na umejaa sebuleni, saluni na maofisini. Jina lake ni difenbakia. Asili yake ni misitu ya joto ya Amerika ya Kati na Kusini, na aina nyingi zinazouzwa siku hizi ni chotara.

Kuutunza si kazi ngumu. Uweke karibu na dirisha, lakini jua kali lisiupige, maana litaunguza majani. Usiumwagilie kwa mazoea. Tia kidole udongoni. Ukikuta sentimita 3 za juu zimekauka, mwagilia mpaka maji yatokee chini. Kwa hivyo chungu lazima kiwe na matundu. Majani yakigeuka manjano na shina likawa laini, mara nyingi umezidisha maji na mizizi inaoza. Maji yanayobaki kwenye kisahani yamwage, kwani mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana humo. Mmea ukirefuka ukabaki shina tupu, kata kipande cha sentimita 10 hadi 15 chenye pingili, ukipande kwenye udongo wenye unyevu. Kitachipua.

Sasa sikilizeni kilichonileta. Mwaka jana binti yangu wa miaka miwili alitafuna jani la mmea huu nyumbani kwangu. Alilia, mate yakamtiririka, midomo ikavimba. Mmea niliununua mwenyewe, na sikuwa nimeuliza lolote ila bei.

Majani na shina lake vina chembe za kalsiamu oksaleti zenye ncha kama sindano. Hizo ndizo zinazochoma mdomo na koo. Mtoto akitafuna, mtoe vipande mdomoni, mpanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha mpe maji baridi au maziwa kidogo kidogo ikiwa anameza vizuri. Usimlazimishe kutapika. Akishindwa kumeza au kupumua, mkimbize hospitalini mara moja, na ubebe jani daktari alione. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.

Binti yangu alipona. Mmea sikuutupa; niliupandisha juu, mbali na mikono midogo. Nikiukata navaa glavu, kisha nanawa kwa sabuni.

Ukifika nyumbani leo, piga magoti sebuleni, uwe kimo cha mtoto, unyooshe mkono. Jani lolote unaloweza kulifikia, naye atalifikia. Lihamishe kabla ya kulala.