Waliimba Juu ya Msingi



Enzi za mfalme Daudi waimbaji walikuwa 288, wamegawanywa zamu 24. Zamu zilipigiwa kura, mwalimu sawa na mwanafunzi. Baadaye Yerusalemu ikaanguka. Ezra anahesabu waimbaji 128 tu, wana wa Asafu, waliorudi kutoka Babeli. Hawakungoja hekalu likamilike. Msingi ulipowekwa, makuhani walipiga tarumbeta, wana wa Asafu matoazi, wakamshukuru Bwana kwa kupokezana. Wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia, wengine wakashangilia, hata watu wasiweze kutenganisha kilio na shangwe.

Leo, kwaya yetu ikitimiza miaka 25, nasi tuna sauti hizo mbili. Daftari letu la mahudhurio lina majina yasiyo na wa kuyaitikia. Wengine wamelala katika Bwana. Wengine tuliwakwaza sisi wenyewe wakaondoka, wala hatukuwafuata. Tunawaomba radhi, nafasi zao zipo.

Anayelia leo asinyamazishwe, na anayefurahi asione haya. Yote mawili ni shukrani.

Karibuni tuimbe.